Kitunguu saumu na ukoko wa sukari mwilini: kilichopimwa maabara sicho unachotafuna asubuhi

Mwalimu Chaki (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Huu uzi nilitaka kuuandika tangu mwezi uliopita nikawa naahirisha, maana hasira ilikuwa bado imenikaa kooni. Sasa imepoa, tuongee.

Baba yangu mdogo yuko Kibaigwa, huu ni mwaka wa tisa anaishi na kisukari. Alikuwa anameza metfomini, vidonge vya kushusha sukari, na anakwenda vizuri tu. Baada ya mavuno mtu akamrushia ujumbe wa sauti kwenye simu: kitunguu saumu kinazuia sukari isishike protini za mwili, wazungu wamepima maabara, habari imekwisha. Mzee akavipandisha vidonge juu ya kabati, akaanza kutafuna punje sita kila alfajiri na kijiko cha asali ya Manyoni. Miezi mitatu hakumwambia mtu.

Hiyo ni nusu ya kisa. Alikuwa na kijidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Akatwanga punje, akazibandika, akafunga kitambaa, akalala. Mguu wenyewe una ganzi. Alfajiri anafungua kitambaa anakuta malengelenge mpaka juu ya kidole cha pili, ngozi imegeuka rangi kama ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Hakusikia kitu usiku kucha. Nilipofika Jumamosi kutoka mjini, harufu ya saumu ilinipokea kabla ya mzee mwenyewe, naye yuko kwenye kigoda, mguu kauweka juu ya ndoo, ananiambia "dawa imevuta uchafu."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ule ujumbe wa sauti haukuwa uongo mtupu. Nafundisha kemia, nikakaa kuusikiliza mara tatu. Kuna ukweli mle ndani, ila umevalishwa koti la kuazima. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Tuanzie jikoni. Ukoko, ganda la mkate, nyama ya kuchoma, maziwa yaliyochemka mpaka yakaanza kuwa ya kahawia: sehemu kubwa ya rangi ile ni sukari na protini zimeshikana. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza kemia hiyo mwaka 1912. Jikoni inachukua dakika kwa sababu moto ni mkali. Mwilini moto ni nyuzi 37 tu, kwa hiyo inachukua wiki, miezi, miaka. Lakini inatokea, kwako na kwangu, mwenye kisukari na asiye nacho. Tofauti ni kwamba mwenye sukari nyingi kwenye damu ukoko wake unajijenga haraka. Wataalamu wanaita glaikesheni. Mimi darasani nasema ukoko, na sijapata mwanafunzi aliyesahau.

Inakwenda kwa hatua. Kwanza glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, inajishikiza kwenye protini kijuujuu, na hapo bado inaweza kuachia. Ikikaa, inajipanga upya na kung'ang'ania. Ikikaa zaidi inageuka kuwa mabaki ambayo hayarudi nyuma tena, kwa kifupi yanaitwa AGE, na baadhi yake yanaunganisha protini moja na nyingine kama nyaya zilizochomelewa. Sasa fikiria protini zinazoishi muda mrefu. Zile za lenzi ya jicho unazaliwa nazo na unazikwa nazo. Kolajeni ya kuta za mishipa ya damu nayo haibadilishwi leo wala kesho. Hizo ndizo zinazoliwa: jicho linaingia ukungu, mshipa unakakamaa, figo inachoka, mguu unapata ganzi.

Oksidisho, yaani ile kazi inayofanya baiskeli ya nje ipate kutu, haisimami pembeni. Sukari iliyoshika protini ikikutana na oksijeni na madini kama chuma au shaba inazaa radikali huru, yaani chembechembe korofi zinazoshambulia kila kilicho jirani, na radikali huru zinaharakisha ukoko. Kila mmoja anamkokea mwenzake moto. Kwa hiyo kitu kinachozuia oksidisho kina nafasi ya kupunguza na ukoko. Hapo ndipo saumu inapoingia.

Naendelea jioni, nina kipindi cha kidato cha tatu.

Bonde la Ufa

Nimeweka kigoda mkuu. Nipo pale pale.

Ndugu Mashaka

Mwalimu, kabla hujafika mbali. Bibi yangu wa Mpwapwa kala saumu maisha yake yote, kafa na meno yake, hajawahi kushika kidonge. Nyie wasomi kila cha asili mnakipiga vita halafu mnatetea kemikali za kiwandani. Hii naona chai.

Mama Mlenda

Shikamoo zenu wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi nauza viungo Majengo, sokoni, miaka kumi na mmoja sasa. Niwaambie ninachokiona kwenye meza yangu. Wateja wa saumu wapo wa aina mbili: wa pilau na wa dawa. Wa pilau anachagua vichwa vikubwa vyeupe vya kutoka nje, anamenya haraka anaondoka. Wa dawa anaomba ya Mbulu, vile vichwa vidogo vyenye wekundu, punje nyembamba, ukimenya kilo mbili vidole vinawaka mpaka usiku. Anasema kali ndiyo dawa. Mimi nauza tu, sijawahi kumwambia mtu aache vidonge. Lakini Mwalimu, hapo kwenye kumfunga mzee saumu mguuni roho imeniuma, maana mimi na mikono yangu mizima naosha kwa maji mara tatu na bado inachoma.

Mwalimu Chaki

Nimerudi.

Ndugu Mashaka, bibi Mungu amrehemu. Hukutuambia kama alikuwa na kisukari. Kama hakuwa nacho, basi kutomeza kidonge hakutuambii lolote kuhusu saumu. Na hilo la kemikali za kiwandani, subiri, nalijia, na utacheka.

Mama Mlenda, marahaba. Umesema kitu cha maana bila kujua: ule ukali. Punje ikiwa nzima haina harufu kali. Ndani yake kuna kitu kimekaa chumba hiki na kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kimekaa chumba kile. Ukitwanga, kuta zinavunjika, vinakutana, na hapo hapo inazaliwa alisini, ndiyo ile inayowasha mikono yako. Wamarekani wawili, Cavallito na Bailey, ndio waliitambua mwaka 1944. Alisini ni mkali na hana subira: anageuka vitu vingine upesi, na ukimeza, humkuti akizunguka kwenye damu. Harufu unayobaki nayo mdomoni siku nzima ni mabaki mengine yanayotoka mapafuni kwa pumzi, ndiyo maana hata upige mswaki mara ngapi haisaidii.

Kile kimeng'enya kinakufa kwa moto. Anayetupa punje nzima kwenye mafuta yanayochemka anapata ladha, alisini hapati. Ukitwanga ukaacha kama dakika kumi kabla ya kupika, unaokoa kiasi. Hii nimempa mke wangu, sasa anatwanga saumu kwanza, kisha ndiyo anaanza kukata nyanya.

Sasa twende kwenye koti la kuazima.

Utafiti ambao ujumbe ule wa sauti unauegemea upo kweli. Mwaka 2006 Ahmad na Ahmed wa Manchester, Uingereza, walichapisha kazi kwenye jarida la Journal of Nutrition. Waliweka protini na sukari pamoja kwenye vichupa, wakaongeza maji ya saumu, wakasubiri waone ukoko utajijenga kiasi gani. Ukapungua. Walijaribu pia na methiliglioksali, kitu kinachozalishwa sukari inapovunjwavunjwa, ambacho kinashika protini kwa kasi kuliko glukosi yenyewe. Nako saumu ikasaidia. Mpaka hapo mtuma ujumbe yuko sawa.

Ila saumu gani? Hapo ndipo alipokata sauti. Haikuwa punje ya Mbulu iliyotafunwa alfajiri. Ilikuwa saumu iliyozeeshwa: inakatwakatwa, inalowekwa kwenye maji yenye spiriti, inaachwa mpaka miezi ishirini bila moto. Kwa muda wote huo alisini anakwisha kabisa, na mahali pake vinajaa vitu vipole vinavyoyeyuka kwenye maji, mkubwa wao S-alili-sisteini. Huyu ni mtulivu, anaingia kwenye damu vizuri, na ana salfa inayopokea mapigo ya radikali huru.

Tena kuna kazi ya 2017 kwenye Scientific Reports, kutoka kundi hilo hilo la Manchester, iliyowashindanisha moja kwa moja: saumu mbichi na saumu iliyozeeshwa, kwenye vichupa. Iliyozeeshwa ikashinda kwa kuzuia ukoko na kwa kuzuia oksidisho. Kwa hiyo ule ukali ambao mteja wa Mama Mlenda anaulipia zaidi, kwa hii kazi ya kulinda protini, siyo wenyewe. Aliyeshinda ni yule aliyekwisha ukali.

Na vyote viwili vilishindana ndani ya kichupa. Kichupa hakina ini, hakina figo, hakina tumbo. Unaweka dawa kiasi unachotaka, inakaa palepale na protini siku nzima. Mzee wangu Kibaigwa siyo kichupa.

Bonde la Ufa

Mkuu umeshusha nondo. Swali: basi nikiloweka saumu kwenye konyagi miezi ishirini si nimepata?

Mwalimu Chaki

Nilijua litakuja tu, ha ha. Viwandani spiriti yao ni asilimia 15 hadi 20 na wanapima kilichomo mwisho wa safari. Wewe utapata konyagi inayonuka, na sidhani itafika mwezi wa pili haijanyweka.

Sista Makole

Habari za jioni. Mimi ni nesi, nimefanya kliniki ya kisukari muda mrefu, naomba niongeze ya upande wetu.

Kwanza huyo mzee wa Mwalimu siyo wa kwanza. Saumu mbichi ikifungwa kwenye ngozi inaunguza, hata ngozi nzima ya mtu mzima asiye na kisukari, na ya watoto ndiyo kabisa. Mwenye ganzi ni hatari mara mbili kwa sababu kengele ya maumivu haipigi. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari kioshwe, kifunikwe na kitambaa kisafi, kiletwe hospitali siku hiyo hiyo. Siyo tangawizi, siyo saumu, siyo asali, siyo dawa ya meno. Nimeona vyote.

Pili, anayekunywa wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, atuambie kama anakula saumu nyingi au vidonge vyake. Saumu nayo inapunguza kuganda. Na anayesubiri upasuaji wowote huwa tunamwambia asimamishe vidonge vya saumu wiki moja kabla. Saumu ya kwenye mchuzi hatuna ugomvi nayo.

Tatu, wale wa dawa za VVU: kuna dawa moja ya zamani, sakwinaviri, ilipimwa na vidonge vya saumu ikashuka kwenye damu kwa karibu nusu. Siyo dawa tunayotoa siku hizi, lakini somo linabaki, taja kila unachotumia ukiwa kliniki. Hatukugombezi. Sawa, wengine tunagomba kidogo.

Ndugu Mashaka

Dada nesi heshima yako. Lakini bado. Hivyo vidonge si kemikali? Mwalimu uliahidi nitacheka.

Mwalimu Chaki

Haya cheka. Metfomini asili yake ni mmea. Ulaya kuna gugu linaitwa Galega officinalis, lilitumika zamani kwa watu wanaokojoa sana, yaani wenye sukari. Wakemia wakaona ndani yake kuna vitu vya jamii ya guanidini vinashusha sukari ila vina sumu, wakahangaika mpaka wakapata ndugu yake mpole. Daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Kwa hiyo kidonge kile cheupe kilicho juu ya kabati la baba mdogo ni mitishamba iliyokwenda shule.

Halafu sikia hii: metfomini nayo inamkamata methiliglioksali, yule yule ambaye saumu ilipambana naye kwenye kichupa, na kwa watu wenye kisukari wanaoitumia amepimwa akakutwa amepungua. Mzee aliacha kizuia ukoko kilichopimwa ndani ya watu, akakimbilia kilichopimwa ndani ya vichupa. Na sababu aliyopewa ni kuzuia ukoko!

Njia kubwa ya kuzuia ukoko bado ni ya kijinga kwa urahisi wake: punguza sukari kwenye sufuria. Uingereza walifanya utafiti mrefu unaitwa UKPDS, wakatoa matokeo 1998. Zaidi ya wagonjwa 3,800, miaka kumi. Waliobanwa sukari yao vizuri walifika wastani wa asilimia 7.0 kwa kipimo cha miezi mitatu, wengine 7.9. Tofauti ndogo hiyo, lakini madhara ya mishipa midogo, macho na figo, yalipungua kwa asilimia 25.

Mama Mlenda

Hicho kipimo cha miezi mitatu ndiyo kipi Mwalimu? Mimi nikienda wananichoma kidole basi.

Mwalimu Chaki

Mama, cha kidole kinaangalia sukari ya dakika hiyo. Ukilala njaa inashuka, ukinywa soda inapanda. Mtu anaweza kufunga siku mbili akaja kliniki anang'aa. Cha miezi mitatu, HbA1c, kinapima ukoko wenyewe. Hemoglobini ni protini, imo kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi kama siku 120. Muda wote huo zinaogelea kwenye sukari yako zikijipaka. Kinachosomwa ni asilimia ngapi imeshikwa. Chini ya 5.7 uko salama, 6.5 kwenda juu ni kisukari. Aliyefungua mlango huo ni Samuel Rahbar, alikuwa Tehran, Irani, alipokutana na hemoglobini ya ajabu kwenye damu ya wagonjwa wa sukari miaka ya 1960.

Mzee wangu kabla ya saumu alikuwa 7.4. Baada ya miezi mitatu ya punje sita na asali: 10.8. Nimeshika karatasi ile nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje, yeye ananiuliza "imesemaje?" nikamwambia imesema ukweli. Halafu tusisahau ile asali, kijiko kila siku, nayo ni sukari.

Sista Makole

Kuongezea hapo: mwenye selimundu, au aliyetoka kupoteza damu nyingi, au kuongezewa, kipimo hicho kinaweza kudanganya. Chembe zake hazikai siku zote 120, kwa hiyo hazipati muda wa kupakwa, mara nyingi namba inatoka ndogo kuliko hali halisi. Mwambie anayekupima.

Kijana wa Nkuhungu

Wakuu mimi nimechelewa kwenye uzi. Mke wangu anaweka saumu zilizomenywa kwenye chupa ya mafuta ya alizeti, anaacha dirishani, anasema inakuwa dawa na kiungo. Iko sawa?

Mwalimu Chaki

Mkuu hiyo imwage leo, isifike kesho. Saumu inatoka ardhini, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, wale wanaotoa sumu ya kupoozesha mwili. Ndani ya mafuta hakuna hewa, haina ukali wa ndimu wala siki, na dirishani kuna joto, hiyo ndiyo nyumba wanayoipenda. Vancouver, Kanada, mwaka 1985 watu wengi waliugua kwa saumu ya kwenye mafuta waliyolishwa mgahawani. Saumu yenye sumu hiyo haitoi harufu wala haibadiliki rangi. Akitaka, atengeneze kidogo, aweke kwenye friji, itumike ndani ya siku chache. Au atwange kila siku, kinu si kipo.

Bonde la Ufa

Na ile saumu nyeusi inayouzwa kwa bei ya kiwanja cha Iyumbu?

Mwalimu Chaki

Ile inanifurahisha sana kama mwalimu. Wanachukua vichwa vizima, wanaviweka kwenye joto la nyuzi 60 mpaka 90 na unyevu wiki kadhaa. Inakuwa nyeusi, laini, tamu kama tende. Unajua weusi ule umetoka wapi? Ni sukari na protini za saumu zimeshikana. Ukoko! Watu wananunua ukoko ili wazuie ukoko. Sisemi ni mbaya, S-alili-sisteini anaongezeka humo kweli, na kwenye vipimo vya maabara inazuia oksidisho. Nacheka tu.

Ndugu Mashaka

Sawa Mwalimu, nimekuelewa nusu. Kwa hiyo saumu haina faida?

Mwalimu Chaki

Sijasema hivyo ndugu yangu. Kwa watu, siyo vichupa, kuna tafiti zinazoonyesha presha inashuka kiasi kwa wenye presha ya juu, na sukari ya asubuhi kabla ya kula inashuka kidogo, mara nyingi wakiwa wanaendelea na dawa zao. Mimi mwenyewe nakula. Mlenda wa kwetu bila saumu siku hizi siuelewi, ingawa mama yangu wa Chamwino anasema ni uharibifu wa mlenda. Ila mtu anayekuambia "imethibitishwa" muulize maswali mawili: saumu ipi, na ndani ya nini. Akikwama kwenye la kwanza mwache aende zake.

Mama Mlenda

Mie kesho mteja wa dawa akija namwambia ukali wa Mbulu ni wa mchuzi. Nitapoteza hela lakini basi. Mwalimu, mzee anaendeleaje na mguu?

Mwalimu Chaki

Asante Mama kwa kuuliza. Alilazwa siku nne, wakamsafisha, kidole wamekiokoa. Kidonda kinafunga taratibu, ngozi changa ya pinki imeanza pembeni. Metfomini imeshuka kutoka juu ya kabati, sasa inakaa kwenye kikopo cha chai ambacho mama mdogo anakifungua kila asubuhi, kwa hiyo kukwepa ni vigumu. Vipimo vingine ni mwezi wa kumi.

Jumapili nilikuwa huko. Wamepika wali, mama mdogo anapakua, mzee ananyoosha shingo anachungulia sufuria. Namuuliza unatafuta nini baba. Ananiangalia kwa pembe ya jicho, anasema: "Huo ukoko unaousema, mnaubandua mnampa nani?"